Moto Unacheza, Koki Imekwama: Kutafuta Maji na Kutu Kwenye Bomba la Biogesi

Jiko la biogesi likianza kusumbua, watu wengi hukimbilia mtambo. Wanaongeza samadi, wanakoroga, wanamwita fundi afungue mfuniko wa kuba, yaani chumba cha mtambo kinachokusanya gesi. Mara nyingi mtambo ni mzima kabisa. Tatizo limelala njiani, kwenye bomba linalotoka kwenye kuba kwenda jikoni, na tatizo lenyewe ni maji. Penye maji ndipo kutu inapoanzia pia, kwa hiyo hapa tunaanza na maji hata kama wewe unachokilalamikia ni koki iliyokwama au bomba lililotoboka.

Gesi hutoka kwenye kuba ikiwa imeshiba mvuke. Mita moja ya ujazo ya gesi yenye nyuzi joto 25 hubeba karibu gramu 23 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 15 inaweza kubeba gramu 13 tu, na zile 10 zilizozidi hudondoka ndani ya bomba. Kaya inayotumia mita za ujazo 2 kwa siku hupata mililita 20 za maji, sawa na vijiko vinne vya chai. Si kitu kwa siku moja, lakini kwa mwezi ni mililita 600. Bomba la nusu inchi hubeba takriban mililita 200 kwa kila mita, maana yake ni kwamba bomba lililobonyea kwa urefu wa mita moja linaweza kujaa kwa siku kumi.

Wapo wanaodhani gesi ina maji kwa sababu wamezidisha maji kwenye samadi. Sivyo. Changanya ndoo moja ya maji kwa moja ya samadi, au mbili kwa moja, gesi itatoka imeshiba mvuke vilevile. Kinachoamua ni joto la kuba na baridi ya bomba. Kuba limefukiwa ardhini na hukaa na uvuguvugu wake, lakini bomba lililopandishwa ukutani hupigwa na baridi ya usiku. Mwezi wa Julai usiku wa Arusha hushuka hadi karibu nyuzi 12. Moshi mjini kuna joto zaidi, ila ukipanda Kibosho, Machame au Marangu hali ni ileile. Kipande kilicho nje ya udongo, hata kikiwa cha mita mbili tu, ndicho kinachotengeneza maji mengi kuliko mita ishirini zilizofukiwa.

Sasa kutu. Biogesi ya samadi ya ng'ombe ina kaboni dayoksaidi, kwa kawaida asilimia 30 hadi 45, na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza. Kiasi hicho mara nyingi huwa kati ya sehemu 500 na 3,000 kwa milioni. Zote mbili zikiyeyuka kwenye matone ya maji huwa tindikali dhaifu. Bomba kavu huliwa polepole sana. Bomba lenye maji yaliyotuama huliwa kuanzia upande wa chini, pale maji yanapolala, na kwenye thredi, ambako mafundi walipokata walikwangua zinki yote inayokinga chuma.

Kifaa cha kwanza: mpira wa levo

Kabla ya kugusa chochote tengeneza manomita, yaani kipimo cha shinikizo la gesi. Chukua mita 3 za mpira angavu ule ule wanaotumia mafundi ujenzi kupima levo, ufunge kwenye ubao kwa umbo la U, mikono yote miwili iwe na urefu wa zaidi ya mita moja. Jaza maji hadi nusu. Tone la wino litakusaidia kuyaona. Upande mmoja unganisha na bomba, mwingine uache wazi. Tofauti ya urefu wa maji kati ya mikono miwili, kwa sentimita, ndiyo shinikizo lako. Mtambo wa kuba lisilohama unaweza kufika hata sentimita 100 gesi ikijaa asubuhi, kisha hushuka kadiri unavyopika. Jiko la kawaida hupika vizuri kwenye sentimita 8 hadi 16.

Geji ya mshale iliyofungwa ukutani isikudanganye. Ndani yake kuna kibomba au kifuko cha aloi ya shaba, na haidrojeni salfaidi huipenda shaba. Geji ya miaka mitatu inayoonyesha namba ileile asubuhi na jioni imeshakufa.

Moto unacheza, unapanda na kushuka

Unasikia kama kitu kinachemka ndani ya bomba, na moto unapumua kwa kufuata mlio huo. Hayo ni maji yaliyolala kwenye bonde la bomba, na gesi inapita kwa mapovu. Hakuna sababu nyingine ya kawaida inayotoa dalili hii, kwa hiyo usifungue mtambo wala usibadilishe jiko.

Zima majiko yote na hakikisha hakuna moto wala sigara ndani ya mita tano. Acha valvu kuu ya kwenye kuba wazi, kisha fungua koki ya mtego wa maji (kile kipande cha bomba kilichowekwa chini ili kikusanye maji) taratibu huku umekinga chombo. Shinikizo la gesi litayasukuma maji nje. Ukisikia gesi inapiga mluzi, funga. Pima ulichokinga na uandike ukutani tarehe na mililita. Namba hiyo itakusaidia baadaye kuliko unavyodhani. Kama mtego umejengwa ndani ya kishimo, usiingize kichwa. Kaboni dayoksaidi na haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa na hutuama humo.

Kama bomba halina mtego, funga valvu kuu, legeza yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka) iliyo chini kuliko zote, uache maji yatoke. Ikibidi kupuliza kwa pampu ya baiskeli, fungua kwanza ncha zote mbili za bomba ili usiyasukumie maji ndani ya kuba. Ukishaunganisha tena, bomba litakuwa limejaa hewa. Usiwashe. Chomoa mpira wa jiko, utoe nje ya jiko kupitia dirishani, uachie gesi dakika moja au mbili mpaka inuke vizuri, ndipo uunganishe. Methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ndani ya hewa hulipuka.

Kumwaga maji ni nusu ya kazi. Moto ukianza kucheza tena baada ya wiki moja au mbili, bonde bado lipo. Chimba polepole kufuata bomba, vuta kamba ukitumia levo, na utafute tumbo. Mara nyingi liko pale udongo uliojazwa bila kushindiliwa ulipotitia baada ya masika, au pale gari la majani linapopita, au fuko amechimba chini yake. Bomba la plastiki la roli lililotandikwa likiwa bado na mawimbi yake hutengeneza matumbo matatu au manne kwa mkupuo. Linyooshwe juani kabla ya kufukiwa. Mteremko usipungue sentimita 1 kwa kila mita, na sisi tungependa 2, kwa sababu udongo utatitia tu. Fukia angalau sentimita 30, na kwenye njia ya gari sentimita 50 au 60.

Mteremko uelekee wapi? Ikiwa jiko liko juu ya mtambo, na kwenye vihamba vya mlimani ni kawaida, bomba lote literemkie kwenye kuba na maji yatarudi yenyewe, bila mtego wala kumbukumbu ya mtu. Huo ndio mpangilio bora kuliko wote. Jiko likiwa chini, mtego uwekwe nje ya ukuta wa jiko, mahali pa chini kabisa, na kile kipande kinachopanda ukutani kirudishe maji yake kwenye mtego huohuo.

Mtego mdogo ni kosa tunalolikuta sana. Fundi anafunga tii ya nusu inchi na kipande cha sentimita 30 kinachoning'inia, kisha koki. Kipande hicho hubeba mililita 60, yaani siku tatu. Nani atamwaga kila siku tatu kwa miaka kumi? Tumia kipande cha inchi mbili, sentimita 30 zilezile, utapata karibu mililita 590, na kumwaga mara mbili kwa mwezi kutatosha. Mtego wa U unaojimwaga wenyewe ni mzuri, lakini kina chake lazima kizidi shinikizo la juu la mtambo: kuba likifika sentimita 100, U iwe na sentimita 120 au 130. Ukiwa mfupi, siku gesi ikijaa itasukuma maji yote na kuvujia nje usiku kucha.

Maji ya mtego ni mengi mno, au yana rangi

Hapa ndipo zile mililita ulizoandika zinapofanya kazi. Ukitarajia mililita 20 kwa siku na ukakuta lita moja kwa wiki, hayo si maji ya mvuke. Kama yameongezeka wakati wa mvua za Machi hadi Mei, bomba lina kiungo kinachovuja ndani ya mtaro uliojaa maji. Watu hushangaa: gesi inasukuma nje, maji yanaingiaje? Jioni gesi ikibaki na sentimita 5 tu, na mtaro una maji ya sentimita 30 juu ya kiungo, maji ndiyo yanayoshinda. Asubuhi shinikizo likirudi, kiungo kilekile kinavujisha gesi udongoni. Kwa hiyo maji mengi wakati wa masika ni habari ya uvujaji wa gesi pia.

Maji ya mvuke huwa meupe au ya kijivujivu, yananuka yai viza. Yakiwa ya kahawia na yana nyuzi za majani, tope la mtambo limeingia kwenye bomba: umelisha kupita kiasi, au njia ya kutolea tope imeziba na usawa umepanda. Zibua tundu la kutokea, acha kulisha kwa siku kadhaa, kisha suuza bomba kwa maji. Yakiwa mekundu, chuma kinaliwa na hewa inaingia mahali fulani. Yakiwa na unga mweusi, ni salfaidi ya chuma au ya shaba, na koki zako ziko njiani kukwama.

Geji inaonyesha gesi ipo, lakini moto ni dhaifu

Pima mara mbili kwa mpira wa levo: kwenye kuba na kwenye ncha ya jiko, kwanza majiko yakiwa yamezimwa, halafu yakiwaka.

Yakiwa yamezimwa na namba zinatofautiana, tuseme 40 kwenye kuba na 28 jikoni, kuna kizibo cha maji na tofauti ile ya 12 ndiyo urefu wa maji yanayoshikilia gesi. Rudi kwenye mtego. Yakiwa yamezimwa na namba zinalingana, lakini ukiwasha namba ya jikoni inaporomoka, njia ni nyembamba: magamba ya kutu kwenye elbo, koki isiyofunguka yote, au mpira uliojikunja nyuma ya jiko. Yakilingana mara zote mbili na moto bado ni dhaifu, bomba limepona. Shida ni jiko.

Kwenye jiko anza na jeti, ile ncha yenye tundu dogo la kutolea gesi. Magamba ya kutu yakisafiri na gesi huishia hapo. Ichomoe, izibue kwa njiti ya chelewa, na usithubutu kutumia msumari. Tundu likipanuka hata kidogo gesi huzidi hewa, moto huwa mrefu na wa njano, na sufuria hupata masizi. Moto wa njano peke yake, usiopumua, si dalili ya maji. Ni hewa: fungua zaidi kipande cha kurekebishia hewa, toa utando wa buibui kwenye koo la jiko, kagua kama jeti imeliwa. Cheche za rangi ya chungwa zinazoruka mara moja moja ni vumbi la kutu.

Asubuhi moto mbaya, mchana mzuri

Dalili hii ina sababu mbili na watu huzichanganya. Pima asubuhi. Shinikizo likiwa dogo kwenye kuba, mtambo umepoa na vijidudu vimelegea. Hilo ni suala la baridi na ulishaji, bomba halina kosa. Shinikizo likiwa kubwa kwenye kuba na dogo jikoni, usiku maji yamedondoka kwenye kipande cha ukutani na kuziba elbo ya chini. Karabati mteremko wa kipande hicho, kisha kivike. Mpira wa sponji wa mabomba ya maji ya moto unafaa, na hata magunia yaliyofungwa vizuri chini ya bati hupunguza.

Koki imekwama au mkono unazunguka bila kitu

Koki nyingi madukani ni za shaba nyeupe au njano zilizopakwa kromu. Kromu ya kwenye goroli la ndani linalofungua na kufunga gesi ikibanduka, haidrojeni salfaidi hujenga ganda jeusi, goroli linakwaruza vikalio vyake, na koki huanza kuvuja hata ikiwa imefungwa. Usiilazimishe kwa spana. Shingo itakatika mkononi gesi ikiwa wazi. Funga valvu kuu, ibadilishe nzima. Nunua boli valvu yenye goroli la chuma kisichoshika kutu na vikalio vya teflon. Kwa mtego wa maji koki ya plastiki nzito inatosha, mradi isipigwe na jua. Ukishaweka mpya, ifungue na kuifunga yote mara moja kwa wiki ili ganda lisipate nafasi ya kukomaa. Bomba la shaba lisitumike popote kwenye biogesi.

Harufu ya yai viza jikoni

Gesi inayoungua vizuri haitoi harufu hii. Ukiisikia, gesi inavuja. Fungua milango, zima kila moto, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo na utazame mapovu. Kiberiti si kipimo cha uvujaji. Na usitegemee pua kuwa mlinzi: haidrojeni salfaidi ikifika sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na ndani ya kuba inaweza kuwa mara kumi ya hapo, kiasi cha kumwangusha mtu kwa pumzi chache. Harufu ikipotea ghafla bila wewe kufanya lolote, toka nje.

Povu lisipoonyesha kitu, funga valvu kuu na koki za majiko huku manomita ikiwa kwenye bomba, usubiri nusu saa. Maji yakishuka, uvujaji uko kwenye sehemu iliyofukiwa. Tafuta kwanza penye bomba la chuma. Tundu lililoanzia ndani liko upande wa chini wa bomba. Gonga taratibu kwa spana ndogo na utasikia sauti ikififia pale chuma kilipobaki chembamba. Tundu lililoanzia nje huwa karibu na zizi, ambako mkojo wa ng'ombe na amonia hula zinki, au pale bomba linapoingia kwenye saruji. Hili la nje huzuiwa kwa lami ya maji tabaka mbili. La ndani halina dawa ya kupaka. Kata kipande, weka plastiki ya HDPE au PPR kwenye sehemu yote iliyofukiwa, na chuma kibaki pale tu bomba linapochomoza juani na kuingia jikoni. Gundi na mipira ya baiskeli iliyozungushwa ni ya siku mbili, mpaka fundi afike.

Kichujio cha kutu: nani anakihitaji?

Kwa jiko la nyumbani linalolishwa samadi ya ng'ombe, mteremko na mtego huokoa chuma zaidi ya kichujio chochote. Maliza hivyo kwanza. Kichujio kinahitajika ukiwa na jenereta, au ukichanganya mbolea ya kuku na mabaki ya machinjio, ambavyo huongeza salfa.

Kinachofanya kazi ndani yake ni kutu yenyewe. Oksaidi ya chuma hushika haidrojeni salfaidi na kugeuka nyeusi. Tumia chenga za chuma laini kutoka kwa mafundi wa lathe, au nyuzi za kusugulia masufuria zinazoshika kutu. Zile zinazong'aa daima hazifai. Osha mafuta kwa sabuni, nyunyizia maji na uache hewani siku kadhaa mpaka ziwe nyekundu kote. Jaza bila kushindilia kwenye bomba la plastiki la inchi nne lenye urefu wa sentimita 60, lililosimama wima, gesi iingie chini na kutokea juu. Kiweke baada ya mtego wa maji: kikilowa sana kinaziba, na kikikauka kabisa hakishiki kitu. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela huko Tengeru wamejaribu mwamba mwekundu kwa kazi hiihii.

Kwa gesi ya mita za ujazo 2 kwa siku yenye sehemu 1,000 kwa milioni, unashika karibu gramu 2.8 za haidrojeni salfaidi kila siku. Kilo moja ya oksaidi kwa hesabu ya kemia hushika gramu 640, lakini kwa uhalisia tegemea theluthi, yaani miezi miwili na nusu hivi. Rangi nyeusi ikipanda theluthi mbili ya kichujio, badilisha. Unapokifungua, lowesha kwanza. Kutu nyeusi ikikutana na hewa hupata joto kali na inaweza kuwaka, kwa hiyo itandaze nje kwa unene wa sentimita 5, mbali na majani makavu na zizi, uigeuze na kuinyunyizia maji hadi irudi kuwa nyekundu. Baada ya kurudia mara tatu hivi salfa huwa imeziba vinyweleo, weka mpya.

Jenereta

Kwenye injini adui anaongezeka, kwa sababu haidrojeni salfaidi ikiungua hutoa salfa dayoksaidi, na hiyo ikikutana na maji ndani ya injini iliyopoa huwa tindikali kali. Injini inayowashwa dakika kumi kumi, mara nyingi kwa siku, huliwa haraka kuliko inayokimbia saa nne mfululizo, kwa kuwa haipati joto la kukausha maji. Ipe kazi ndefu na mzigo wa kutosha. Dakika tano kabla ya kuzima, hamia petroli au dizeli ili kusafisha kabureta, valvu na silinda. Oili ibadilishwe kwa nusu ya saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini, na ikianza kunuka kiberiti au kuwa nyeusi mapema kuliko kawaida, kagua kichujio kabla ya kumimina mpya.